Jumatano ya Lowell Sedlak

Baba Padri, Marvella na watoto, ndugu wa ukoo wa Sedlak, majirani wa Milada, na ninyi mlioziacha mashine za kuvunia katikati ya mahindi asubuhi ya leo ili mje kanisani, naitwa Garth Lindquist, mume wa Darlene, dada mdogo wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu. Nimejitahidi kuyaandika kwa mpangilio, tangu kuzaliwa hadi kufariki, kama inavyotakiwa, lakini wanaonifahamu wanajua kwamba ujanani nilikuwa mrushaji wa timu ya chuo katika mpira wetu huu wa Kimarekani, na mrushaji akiona upenyo huacha mpango aliopewa, kwa hiyo mkiniona nimechepuka mnivumilie, nitarudi.

Marehemu Lowell Emil Sedlak alizaliwa tarehe 3 Aprili 1955, katika nyumba ya shambani iliyoko maili sita kaskazini mwa Milada, hapa hapa Nebraska, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Emil Sedlak na mkewe Libuse, akabatizwa katika kanisa hili tarehe 24 ya mwezi huo huo, siku ambayo, kwa maelezo ya marehemu mama yake, alilia kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Wazee waliopo wanamkumbuka Mzee Emil, mtu mrefu, mwenye kofia ya kahawia, mkulima hodari wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, ambaye maneno kwake yalikuwa kama dizeli, hayawashwi bila kazi. Lowell alikulia katika nyumba ambayo chakula cha jioni kiliweza kuanza na kwisha bila mtu kusema lolote zaidi ya kuomba chumvi, na hakuna aliyekuwa amemkasirikia mwenzake.

Alisoma shule ya msingi ya wilaya kuanzia mwaka 1961 hadi 1969, kisha sekondari ya Milada kuanzia 1969 hadi Mei 1973, na hapo ndipo alipoanza kucheza mpira wetu huu, akiwa mrushaji wa kwanza wa timu kwa miaka miwili, yeye ndiye anayepokea mpira, anayeamua uende kwa nani, na anayelaumiwa ukipotea. Michezo ilikuwa Ijumaa jioni, saa ya kukamua, na kwa kuwa ng'ombe hawajui kalenda ya shule, Mzee Emil hakuwahi kumwona mwanawe akicheza hata mara moja katika miaka hiyo, jambo ambalo hakuna aliyelizungumzia, kwa sababu katika nyumba ile halikuwa jambo la kuzungumzwa.

Mwezi wa Agosti 1973 alijiunga na Chuo cha Weston Grove, maili arobaini kutoka nyumbani, kusomea kilimo, na wiki hiyo hiyo nami nikashuka hapo kutoka Minnesota na sanduku langu na majivuno yangu. Tulikuwa warushaji wawili wapya kwa nafasi moja. Kocha mkuu, marehemu Bwana Haskell, alitutazama mazoezini kwa siku chache, akaniweka mimi mbele na Lowell nyuma yangu, na kwa misimu minne haikubadilika. Nilikuwa mrefu zaidi, mkono wangu ulikuwa na nguvu zaidi, na sauti yangu, kama mnavyoisikia, haihitaji kipaza sauti. Mungu aliniumba pia na mifupa ya chuma, sikuumia hata kidole, na leo nalisema hilo bila kujivuna, maana kila Jumamosi niliyotoka uwanjani mzima ilikuwa Jumamosi ambayo Lowell hakuingia.

Sasa wengi mnadhani kazi ya mrushaji wa akiba ni kuvaa kofia na kusimama pembeni, na pale mjini, kwenye meza ya kahawa ya ghala la nafaka, mmeifanyia utani miaka yote hiyo. Nawaomba leo mnisikilize. Kila Jumapili jioni Lowell aliingia kwenye chumba cha filamu akamtazama mrushaji wa timu tutakayokutana nayo, jinsi anavyotembea, anavyoshusha bega, anavyogeuza kichwa kabla ya kurusha, na Jumatatu alivaa fulana nyekundu, akaenda uwanja wa chini, akawa mtu huyo mbele ya walinzi wetu hadi Alhamisi, ili Jumamosi walinzi wakikutana na yule mwenyewe wamwone kama jamaa wanayemfahamu. Alikuwa mwenye kuchechemea, alikuwa mwenye mbio, alikuwa mwoga anayetupa mpira nje akisikia kishindo, na aliwaiga vizuri mno, hata chakulani.

"Leo nani kaja mezani?" Delbert Oltmann angemuuliza, huyu mzee mpana mnayemwona safu ya pili, nahodha wa walinzi wetu.

"Leo ni yule wa Bancroft Falls."

"Basi usikae karibu na mimi, wewe wiki iliyopita ulinipita kulia mara mbili."

"Aliyekupita ni wa wiki iliyopita. Mimi simjui, na nisogezee viazi."

Mwaka 1975, mtakumbuka, Delbert aliudaka mpira wa adui dakika ya mwisho tukaingia nafasi ya pili ya ligi, na gazeti likamwita mtu mwenye macho ya mwewe. Delbert aliniruhusu niseme kwamba hakuwa na macho ya mwewe wala ya kuku, alisimama pale kwa sababu Lowell aliupeleka mpira pale pale Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Kwa kuwa michezo ya chuo ilikuwa Jumamosi mchana, Mzee Emil safari hii aliweza kuja, na alikuja kila tulipocheza nyumbani, misimu yote minne, akakaa mahali pamoja, juu kidogo ya benchi letu, kofia ya kahawia kichwani na chupa ya kahawa kati ya miguu. Hakushangilia, hakuzomea. Wenzake pale kwenye ghala la nafaka walimchokoza, "Emil, umeendesha maili arobaini kwenda kumwona kijana akishika chupa za maji?" naye akawajibu kwamba chupa zile hazikuwahi kudondoka, akaendelea na kahawa yake. Lakini Lowell alijua baba yake yuko pale, na mimi niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja najua alichokitaka, kwa sababu aliniambia waziwazi, si ubingwa wala jina gazetini, alitaka mzee amwone akicheza, ajue kwamba safari zote zile hakuwa anamfuata mtu asiyejua kitu.

Msimu wa 1976 ulikuwa wa mwisho wetu, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Lakini mwezi wa Septemba Mzee Emil alianza kukosa pumzi akipanda ngazi za ghala, Oktoba akawekewa kitanda sebuleni, na madaktari wakaiambia familia kwamba moyo umechoka na majira ya kuchipua hatayaona. Tarehe 6 Novemba, mchezo wetu wa mwisho wa nyumbani, siku ambayo wanafunzi wa mwaka wa nne huitwa uwanjani pamoja na wazazi wao, aliletwa amefungwa blanketi, akatembea na Lowell hadi katikati ya uwanja akimshika mkono, na timu nzima tulikuwa tumekubaliana kwamba tukiongoza kwa pengo zuri Kocha Haskell amwingize Lowell mwishoni. Pengo halikupatikana. Tulishinda kwa pointi moja, hadi filimbi ya mwisho tulikuwa tunahema, na Haskell hakuweza kunitoa. Mzee alirudi nyumbani bila kumwona. Usiku ule chumbani Lowell alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, akaniambia, "Si kosa lako, Garth, lala," akajigeuza ukutani, na nilijua analia.

Ulibaki mchezo mmoja, tarehe 13 Novemba, ugenini kwa Kearsley, kwa ubingwa wa ligi ambao chuo chetu hakijawahi kuupata tangu kianzishwe. Kearsley ni mbali, mzee asingeweza kusafiri. Mrushaji wao alikuwa wa mkono wa kushoto, kitu adimu, kila kitu kwake kilikuja kinyumenyume, na Jumatatu Lowell alivaa fulana nyekundu akaanza kurusha kwa mkono wa kushoto, vibaya kidogo mwanzoni, vizuri kabisa ilipofika jioni. Walinzi wetu walizihitaji siku zile nne kama mgonjwa anavyohitaji dozi.

Jumanne wakati wa chakula cha jioni Delbert alikuja akakaa mbele yangu, nikiwa nahodha wa timu, na nyuma yake walisimama walinzi wengine watano.

"Tunataka Jumatano," akasema.

"Mnataka Jumatano mwende nayo wapi?"

"Tucheze na Lowell. Si yule wa Kearsley, Lowell mwenyewe. Dada yake atamleta mzee na pikapu, tutafungua mnyororo wa geti la chini."

Nikamwambia, "Delbert, wewe unajua Jumamosi tunacheza nini?"

"Najua kuliko wewe. Mimi ndiye nitakayekimbizana na yule wa kushoto, wewe utakuwa umekaa kwenye benchi unakunywa maji."

"Mkiikosa Jumatano hamtamweza."

"Labda hatutamweza. Na mzee je, tumwambie asubiri?"

Niliutaka ubingwa ule, ndugu zangu, niliutaka mpaka usiku naota nimevaa kidoleni ile pete wanayopewa mabingwa, na nilikaa nikiitazama sahani yangu, na hatimaye nikamwambia afanye vile wanavyotaka ila wasicheze kwa kumdekeza, kwa sababu mzee ametazama michezo misimu minne na mchezo wa kudekezana angeutambua hata akiwa ndani ya gari. Delbert akasema hilo walikuwa wamelikubaliana kabla hawajaja kwangu.

Basi Jumatano, tarehe 10 Novemba 1976, saa tisa na nusu alasiri, Lowell alishuka uwanja wa chini akiwa mtu wa Kearsley, akaupokea mpira wa kwanza, akainua mkono wa kushoto, na Delbert akasimama wima, mikono kiunoni.

"Badili mkono," akamwambia.

"Nini?"

"Badili mkono, bwana. Huyo wa Kearsley leo hatumtaki. Tumemwita Lowell."

"Mna wazimu ninyi. Na Jumamosi?"

"Jumamosi ni shughuli yetu. Wewe hebu geuka, tazama pale kwenye uzio."

Akageuka, akaiona pikapu ya kijani ya baba yake imesimama kwenye mabua ya mahindi, injini ikinguruma ili mzee asipate baridi, na kofia ya kahawia nyuma ya kioo. Kocha wa walinzi, marehemu Bwana Orville Kness, ambaye kazi yake ilikuwa kuinua kadi kubwa zilizochorwa mbinu za adui ili Lowell na wenzake wazifuate, alikuwa pale pale, na hakuwa ameambiwa lolote. Aliitazama pikapu, akamtazama Lowell, akazikunja kadi zake akazitia ndani ya koti. "Upepo mkali leo," akasema, "kadi hazisomeki. Chezeni mnachokijua." Hapakuwa na upepo wa kupeperusha hata unyoya.

Lowell akavua ile fulana nyekundu. Kwa saa moja na nusu alicheza dhidi ya walinzi bora wa ligi yetu, na hawakumdekeza, walimwangusha, wakamkimbiza, Delbert aliudaka mpira wake mmoja na kwenda nao hadi mwisho wa uwanja, lakini mingine yote, jamani, mingine yote ilikwenda alikotaka iende, mifupi ya haraka, mirefu inayoshuka taratibu mikononi mwa mdakaji anayekimbia, hata mmoja aliourusha akiwa anaanguka, huku miguu yake inamwelekeza kwingine. Mimi nilikuwa uwanja wa juu na Haskell, aliyekuwa ameupa uwanja wa chini mgongo akifundisha kwa kelele, na sikumsikia tena. Nilikuwa nimekaa chumba kimoja na mtu huyu misimu minne, nimemwona akiwa watu wengi wasiohesabika, na sikuwahi kumwona yeye. Nilielewa jioni ile kwamba mwaka 1973 Haskell alitutazama harakaharaka.

Wakati wa mapumziko ya maji niliteremka hadi kwenye uzio, nikakuta kwenye usukani msichana aliyejifunga skafu ya bluu, akateremsha kioo na kuniuliza kama mimi ndiye yule anayemzuia kaka yake kucheza. Nikamwambia ndiye. Akaniambia basi nisogee, kwa sababu sasa namzuia na mzee asione. Tarehe 10 Juni 1978 nilimuoa msichana huyo katika kanisa hili, na hadi leo nikisimama mahali pabaya ananiambia nisogee.

Mazoezi yalipokwisha Lowell alikimbia hadi kwenye pikapu, jasho likimtoka, akaegemeza mikono dirishani akasubiri. Mzee Emil alimtazama kitambo, akasema, "Umekonda. Wanakulisha kweli hapa?" Lowell akasema wanamlisha. Mzee akasema, "Haya," Darlene akatia gia, wakaondoka.

Jumamosi tulifungwa ishirini na nne kwa ishirini. Yule wa mkono wa kushoto aliwachezea walinzi wetu kama alivyotaka, wakienda huku yeye anakwenda kule, na wao wenyewe walikuwa wakijua kwa nini. Ubingwa tuliukosa, na chuo hakijaupata mpaka leo. Magazeti yaliuliza imekuwaje safu ya ulinzi iliyosifiwa msimu mzima ilale siku moja, na Bwana Kness akajibu kwa maneno machache kwamba hakuwaandaa vijana ipasavyo, kosa ni lake. Hakutaja pikapu. Machi alipoteza kazi, akahama kwenda Dakota Kusini kufundisha sekondari, na kwenye meza ya kahawa ya mji huu jina lake limekuwa likitajwa kama la mtu aliyelala usingizi wiki ya ubingwa. Marehemu aliniagiza, na ni agizo la mtu aliyekuwa anakufa, kwamba nisimame mbele yenu niseme Kness hakulala. Nimesema.

Mzee Emil Sedlak alifariki tarehe 8 Januari 1977. Lowell aliacha chuo muhula mmoja kurudi shambani, akamalizia shahada yake Mei 1978, na tangu hapo hakuwahi tena kukaa mbali na Milada zaidi ya wiki mbili. Alilima shamba la baba yake kwa miaka arobaini na sita, alipita salama katika ile miaka mibaya ya themanini iliyowanyang'anya wengi hapa mashamba yao, alikuwa mjumbe wa bodi ya ushirika wa nafaka, mwanachama wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, na kuanzia mwaka 1981 hadi 2010 alivaa fulana ya mistari kila Ijumaa jioni akawa mwamuzi wa michezo ya sekondari katika kaunti nne, akizomewa na pande zote mbili kwa usawa, na akina mama fulani waliomo humu ndani, sitawataja, walimwambia maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya Baba Padri. Mtoto wa akiba akiingizwa mwishoni mwa mchezo Lowell alikuwa na tabia ya kulitafuta jina lake na kumwita kwalo. Ng'ombe aliwauza mwaka 1981, na aliponiambia sababu alisema anataka Ijumaa zake ziwe huru.

Tarehe 18 Oktoba 1980 alifunga ndoa na Marvella Kotas, binti wa mwoka mikate wa mjini, ambaye alimshinda kwa maneno siku ya kwanza na hakuachia uongozi tena, na wakajaliwa watoto watatu, Kendra, Joel na Trudy, na wajukuu saba. Alikuwa baba aliyefika. Matamasha ya shule, michezo ya kuigiza ambayo Trudy alikuwa mti, maonyesho ya ndama, alifika mapema akakaa mbele, na akirudi nyumbani aliwaambia watoto alichokiona, kimoja kimoja, mpaka Joel akamwomba apunguze. Nilidhani ni tabia yake tu. Sikujua kwamba ni kitu alichokuwa amekikosa yeye mwenyewe.

Februari mwaka huu alianza kulalamika maumivu ya mgongo, tukasema ni trekta, na mwezi wa Aprili vipimo vilivyofanyika Lincoln vilionyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Alipata matibabu hadi Agosti, kisha akayakataa kwa adabu, akarudi nyumbani, akalala sebuleni upande wa dirisha linalotazama shamba, na alikuwa mgonjwa mpole, aliyesumbuka zaidi kuhusu mafuta ya gari ya wageni kuliko kuhusu nafsi yake.

Jioni moja katikati ya Oktoba tulikuwa naye mimi na Darlene, na bila utangulizi akaniuliza, "Garth, ile Jumatano ilikugharimu pete. Unaijutia?"

Nikamwambia pete ya ubingwa ningekuwa nimeshaipoteza kwenye choo cha hoteli fulani, na mke nisingempata. Alicheka, ikamuuma, akatulia. Kisha akasema jambo ambalo miaka arobaini na minane hakuwahi kulisema mbele yangu.

"Mimi naijutia kidogo. Nyinyi mlipoteza, Kness alipoteza kazi, na mimi sijui hata kama mzee aliona. Alikuwa mgonjwa, gari lilikuwa na joto, huenda alilala. Aliniambia nimekonda, basi. Sikumuuliza, halafu akafa. Kila mwaka Novemba ikifika najiuliza kama mlimlipia mtu aliyekuwa amesinzia."

Darlene alikuwa anakunja taulo. Akaacha.

"Lowell," akasema, "unasema hujui?"

"Nitajuaje?"

"Nilidhani alikwambia. Nilidhani mlizungumza wenyewe, mambo ya wanaume, ndiyo maana sikuingilia." Akavuta kiti akakaa karibu naye. "Kaka, alizungumza njia nzima."

"Nani?"

"Baba. Kutoka getini mpaka nyumbani. Alinisimulia kila mpira uliorusha, kama vile mimi sikuwepo, kama vile nilikuwa nimefumba macho. Ule mfupi, ule uliodakwa na Delbert, akasema ule lilikuwa kosa la mdakaji, si lako. Ule uliourusha ukianguka alinisimulia mara tatu, akanionyesha kwa mkono, akaigonga kofia yake kwenye paa la gari. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, niliogopa, nilidhani ni homa."

Lowell alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani. Akauliza, "Maili arobaini zote?"

"Zote. Na tulipofika uani nikazima gari, hakushuka. Nilimwambia, Baba, tumefika, ingia ndani kuna baridi. Akaniambia, ngoja, sijamaliza."

Machozi yalimtiririka Lowell hadi sikioni na hakuyafuta, na sisi hatukumfutia. Halafu akamwomba dada yake aanze tena, tangu getini. Darlene akaanza tena, na tangu siku hiyo, kila alipokuja, alimwomba hivyo hivyo.

Lowell Emil Sedlak alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa nane mchana, mkewe na watoto wake wote watatu wakiwa wamemzunguka, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Lincoln, pamoja na muuguzi aliyekuja nyumbani kila siku na kustahimili utani wake, nawashukuru majirani walioleta mashine zao tisa mwezi uliopita wakamvunia mahindi yote kwa siku moja huku akiwatazama dirishani, nawashukuru wenzake wa ushirika na wa zimamoto, waamuzi wenzake waliokuja leo na fulana zao za mistari, akina mama wa parokia ambao kahawa, nyama na kolache zao, vile vimkate vitamu vya Kicheki, zinatusubiri ukumbini, na Baba Padri kwa kumfikia mgonjwa hata barabara ilipokuwa tope. Nawashukuru pia Delbert na wenzake watano wa safu ya ulinzi ya mwaka 1976, walioambiwa na msimamizi wa mazishi kwamba kwa umri wao na magoti yao ingefaa jeneza libebwe na vijana, wakamjibu kwamba vijana wapishe. Watatembea polepole, tutawafuata kwa mwendo wao.

Pumzika, shemeji. Mzee alikuona.